Kula za Mheshimiwa

Jumatatu, 15 Juni 1998

Mimi ni mtu wa bahati. Naandika mapema ili daftari lijue linakaa na nani. Mwaka ule wa ile bahati nasibu, Bariadi nzima walikunywa soda wakatupa vizibo. Mimi nikafungua chupa moja. Moja tu! Chini ya kizibo: REDIO. Kubwa, ya betri sita, ina mkono wa kubebea na sauti ya kumwamsha marehemu. Inakaa hapa kwenye banda langu la kutengenezea baiskeli, karibu na stendi. Bila hiyo mji huu usingejua kama dunia inazunguka.

Leo imeniletea ugomvi. Kikao cha bajeti kinaendelea Dodoma. Nikasema mbele ya wateja kwamba mbunge wetu, Mheshimiwa Sylvester, sijamsikia hata akikohoa. Constantine akadakia. Huyu alikuwa karani wa chama cha ushirika, mpaka makampuni binafsi yalipoingia kununua pamba na ushirika ukabaki na mihuri. Sasa ni mtu wa Mheshimiwa hapa mjini. Anamfungulia mlango wa gari, anacheka kabla utani haujaisha. Ana sharubu nene, anazichana kwa kitana chao maalumu. Akasema Mheshimiwa yuko bungeni kila siku ya Mungu na anapiga kura zote. Nikasema hapigi kula hata moja. Akasema anapiga. Nikasema hapigi!

Mate yakaruka. Watu wakajaa. Tukawekeana: Saba Saba, uwanjani, mbele ya watu, ijulikane Mheshimiwa alikuwa bungeni au hakuwa. Akishindwa Constantine, ananyoa sharubu. Nikishindwa mimi, natoa ngoma.

Sijui kwa nini nilisema ngoma. Ndilo neno lililokuwa karibu.

Jumanne, 16 Juni

Shangazi Nyanjige amejua. Mji huu hauna siri, una foleni tu.

Daftari nalo lijue ngoma ni ipi. Kwetu mtu ni Mgalu au Mgika. Makundi mawili ya ngoma, tangu mababu. Pamba ikishavunwa tunashindana siku moja, uwanja mmoja, wao huku na sisi kule. Hakuna hakimu. Watazamaji wanahama kwa miguu yao, na wenye watu wengi ndio washindi. Sisi ni Bagalu. Constantine ni Mgika. Mheshimiwa ni Mgika. Ngoma kuu ya Bagalu ni ya marehemu babu, mtunzaji wake ni Shangazi, na mashindano ni Saba Saba hiyo hiyo. Kwa hiyo nimeahidi kuwapa maadui ngoma yetu asubuhi ya vita.

Shangazi aliniuliza kwa upole, na upole wake ndio unaotisha. "Ngoma ya baba yangu, Mihayo, umeiweka kwa nywele za chini ya pua?"

Nikamwambia ni nywele nyingi sana.

Mwiko ulionipiga ulikuwa na ugali bado. Alisema ngoma ikivuka kwenda kwa Bagika nami nivuke nayo, nikalale huko, nikaolewe huko. Jina langu kwa Kisukuma maana yake ni maneno. Shangazi anasema walionipa jina waliona mbali ila walisahau kufunga breki.

Nimekula michembe, viazi vikavu, bila maziwa. Adhabu. Lakini sina wasiwasi. Mtu wa bahati hashindwi na sharubu.

Alhamisi, 18 Juni

Mkakati wa kwanza: kumsikia kwa sikio.

Bungeni kula zinapigwa kwa mdomo. Spika anasema wanaoafiki waseme ndiyo, nao wote wanaitikia ndiyooo kama ng'ombe wanaoona lambo. Basi! Mheshimiwa ana sauti ya puani, tunamjua. Nikaifungulia redio hadi mwisho, nikaweka sikio kwenye spika mpaka likapata moto. Constantine naye akaja, akaweka lake upande wa pili. Tukawa tumeibana redio kama mapacha wanaonyonya.

Ndiyooo!

Constantine akaruka. Kasema huyo hapo, wa tatu kutoka kushoto, pua kabisa! Nikamwambia kwenye redio hakuna kushoto. Akasema kwa mtu aliyesoma ipo. Nikasema ile pua niliyoisikia ni ya mbuzi wa jirani. Tukatoka nje kuhakikisha. Mbuzi alikuwepo. Akatulilia, ndiyo kabisa, ya puani. Constantine alisema mbuzi mmoja hafuti kura ya mbunge.

Wateja waligawanyika. Hakuna baiskeli iliyotengenezwa.

Jumamosi, 20 Juni

Usiku akili ilikuja yenyewe, kama kawaida yake kwa watu wa aina yangu. Sikio halitoshi. Nahitaji macho, tena mengi. Nimeunda kamati.

Kila kondakta anayepita stendi nimempa ujumbe wa mdomo. Kwa binamu yangu Veronica, mama lishe wa stesheni ya Malampaka. Kwa Kristofa, anayefuata samaki ziwani Kiloleli kwa baiskeli niliyomtengenezea mimi. Ujumbe ni mmoja: fuatilieni kula za mbunge, kila mnalosikia au kuona, mje mniambie kabla ya Saba Saba. Veronica anauzia chakula abiria wa treni wanaotoka kila kona, hata Dodoma. Kristofa anaongea na kila dereva. Wakubwa huwa wanafanya hivi, wanaita mtandao. Mimi nimetembea. Mwanza nimefika mara nyingi, na Dodoma nimepita kwa treni, ila nilikuwa nimelala.

Halafu nikapaka kibao rangi nikakitundika bandani:

KAMATI YA KUFUATILIA KULA ZA MBUNGE. MWENYEKITI MIHAYO. PANCHA PIA TUNAZIBA.

Kimevuta watu kupita kiasi. Wanasimama, wanasoma, wanashikana mabega, wanaondoka wakijifuta machozi. Mwalimu wa sekondari alikisoma mara mbili, akanipa mkono kwa heshima. Constantine alikisoma akachana sharubu upande mmoja, akasahau upande wa pili. Kasema nisikiguse, kibao ni kizuri hivyo hivyo.

Anaogopa. Naona.

Jumanne, 23 Juni

Ushindi! Halafu si ushindi.

Asubuhi, kipindi cha maswali. Redio ikataja jina lake! Swali la Mheshimiwa Sylvester, kuhusu barabara yetu. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye kandambili. Nikaiona ngoma inavuka. Constantine alikuwa ameshaanza kucheza.

Halafu ikasikika sauti nyingine kabisa, nene, ya Kipwani, inauliza barabara yetu kama anayeagiza kahawa. Spika akasema swali limeulizwa kwa niaba yake.

Nikapiga kelele nimeshinda, mtu hayupo! Constantine akanituliza kwa kiganja. Akasema mimi sikusoma, nisikilize. Kwa niaba maana yake yupo, ila koo linauma. Amekaa hapo hapo, anaitikia kwa kichwa.

Nikasema redio haisikii kichwa. Akasema ndiyo maana mimi sina ushahidi.

Darasa la saba nilifika, mtihani ndio haukunifikia. Nimeuliza watu wanne kuhusu niaba. Mmoja kaniambia ni ugonjwa wa ng'ombe.

Alhamisi, 25 Juni

Mkakati wa tatu. Mkubwa kuliko yote. Simu!

Nimekwenda posta, nikaomba niunganishwe na Dodoma. Watu wa bungeni hawawezi kumjibu fundi baiskeli wa Bariadi anayeuliza mbunge yuko wapi. Lakini watamjibu mbunge. Kwa hiyo nikabana pua kwa vidole viwili, nikasema mimi ni Mheshimiwa Sylvester.

Mama aliyepokea alipiga kelele ya furaha. "Mheshimiwa! Uko wapi jamani? Tunakutafuta!"

Nikafurahi mpaka nikaachia pua. Nikasema niko Bariadi, mayu, wabeja sana, yaani asante sana mama, nikakata.

Nani mwerevu kama mimi? Nikakimbia na baiskeli yangu hadi kwa Constantine, nikamweleza mbele ya kinyozi, ambaye alianza kunoa wembe. Wanamtafuta! Kwa hiyo hayupo!

Constantine akachana sharubu. Akaniuliza niliwaambia Mheshimiwa yuko wapi. Nikasema Bariadi. Akageukia watu, akafungua mikono. Mmesikia? Watu wa Dodoma wameambiwa mbunge yuko Bariadi, basi lazima wamtafute. Mihayo mwenyewe ndiye aliyemtoa bungeni!

Watu wakasema hapo kweli. Kinyozi akafunga wembe.

Nimerudi kwa miguu nikisukuma baiskeli. Ilikuwa nzima, sikuwa na nguvu ya kuipanda. Shangazi alikuwa ameitoa ngoma nje, anaipaka mafuta ngozi. Hakuniangalia. Aliipigapiga kwa vidole polepole, kama mtu anayemlaza mtoto anayekwenda kuchukuliwa na wengine. Nikaingia ndani upande wa nyuma.

Jumamosi, 27 Juni

Kristofa kafika kutoka Kiloleli, tenga la samaki nyuma, jasho mbele. Nikamkalisha, nikampa uji, nikawaita wote waje wasikie taarifa ya kwanza ya kamati. Constantine akaja na kiti chake.

Kristofa akasimama kama askari. Akasema mpishi wa kule amemhesabia: Alhamisi ile ya tarehe kumi na nane mbunge alikula sato wa kuchoma, mkubwa, na ndizi. Kichwa alimwachia dereva. Ijumaa supu ya sangara, akaomba pilipili, akatoka jasho. Jumapili sato tena, wa nazi safari hii, akasema mpishi aongezewe mshahara.

Nikamuuliza anasema nini huyu mtu. Nimemtuma kula za mbunge!

Akasema ndizo hizo. Zote alizokula.

Banda lililipuka kwa kicheko. Constantine alianguka na kiti chake. Alipopata pumzi akachukua chaki, akaandika kwenye kibao changu, pembeni ya neno langu, neno lake: KURA. Akaniuliza kama naona tofauti. Naiona sasa. Ningefanyaje? Kisukuma changu cha kuzaliwa hakina hiyo herufi. Ulimi ukiifikia unateleza kama tairi kwenye tope jeusi la mbugani. Wiki nzima watu walikuwa wanacheka kibao, nami nawapungia mkono!

Kristofa masikini alitaka kulia. Amefuatilia sahani kwa uaminifu. Nikamkumbatia, nikamwambia kosa ni la ulimi wa ukoo mzima. Nikamzibia pancha bure. Lakini ngoma imekwenda. Constantine amepima mlango wa nyumba yake kuona kama itapita.

Jumapili, 28 Juni

Baada ya kanisa kaja Veronica na treni ya mizigo, halafu lori. Mwanamke wa kweli, anabeba sufuria lake hata safarini. Naye akaanza: Jumanne iliyopita, tarehe ishirini na tatu, saa za maswali ya bunge, mbunge alikula wali kuku kibandani kwangu Malampaka, paja na...

Nikamwambia nyamaza dada, tumeshachekwa.

Shangazi akaweka chini kikombe. "Hebu mwache. Tarehe ngapi?"

Ishirini na tatu.

"Na huyu wa samaki alisema tarehe ngapi?"

Kumi na nane.

Shangazi akanitazama kama anayetazama ng'ombe aliyesahau njia ya maji. Akaniuliza mtu anaweza kula sato Kiloleli huku akisema ndiyo Dodoma. Akaniuliza kama koo la Mheshimiwa lilikuwa linauma bungeni wakati linameza paja Malampaka.

Halafu mimi nikapiga kelele iliyowaamsha kuku wa mtaa. Nilijua! Ndiyo maana niliandika kula! (Daftari linyamaze.)

Shangazi hakuwa amemaliza. Akamuuliza Veronica ni nani aliyelipa kuku. Veronica akasema hajawahi kulipa yeye. Analipiwa na wapakiaji wa pamba, wale wa kampuni ya malori ya bluu, wanaojaza mabehewa. Wanamwita bosi. Akimaliza kula anakwenda kuhesabu marobota, huku anachokonoa meno. Na Kristofa akakumbuka: kule ziwani lori la barafu linalochukua sangara nalo ni la bluu. Nalo halisogei mpaka Mheshimiwa amalize supu.

Tumejiuliza miaka miwili malori ya bluu ni ya nani! Mheshimiwa mwenyewe alituambia ni wawekezaji kutoka mbali. Mbali ni Malampaka!

Nilitaka kukimbia kwa Constantine saa ile ile. Shangazi akanikalia kwenye shati. Akasema safari hii maneno yatasubiri ngoma.

Jumatatu, 6 Julai

Mheshimiwa amefika kwa ajili ya sikukuu. Amepita bandani kwangu mwenyewe, bila Constantine, akanisalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, Mihayo!" Kicheko chake kinafika kabla ya mkono. Ameulizia watu wangu kwa majina, hata yule ndama wetu aliyekufa amempa pole. Shida yake kubwa ni hiyo, hachukiki. Ningekuwa na binti ningempa ushauri asikae naye karibu.

Amesoma kibao akacheka kwa moyo. Kasema amesikia kuna wimbo unatungwa. Kasema nyimbo zina mambo mengi, sikukuu si ya kutiana aibu, na kwamba ana katoni ya betri kwenye gari, mpya, hazina mtu.

Nilikataa! Naandika tena: nilikataa. Niliiangalia katoni kwa muda kidogo, kwa adabu. Akaigonga redio yangu juu kwa kidole. "Na hii bado inasikika vizuri?" Nikaiwasha haraka, muziki ukaziba maneno yaliyobaki.

Jumanne, 7 Julai. Saba Saba!

Mkono umevimba kwa kupiga ngoma. Naandika hivyo hivyo.

Uwanja ulijaa mpaka watoto wakapanda juu ya malori. Bagika upande wa jua, Bagalu upande wa kivuli. Mheshimiwa kwenye kiti, mgeni rasmi, upande wa Bagika bila aibu. Constantine kavaa suti ya harusi yake, kaleta mkokoteni wa kubebea ngoma. Mkokoteni! Akasimama katikati akatangaza: Mihayo alete ushahidi au alete ngoma.

Shangazi akanisukuma na ngoma pamoja. Nikapiga. Veronica na Kristofa mbele, Bagalu nyuma. Tuliimba kwa Kiswahili ili hata wageni wapate mgawo wao:

Tarehe kumi na nane, sato wa kuchoma!
Amekula!
Dodoma wanaita, kichwa kala dereva!
Amekula!
Ishirini na tatu, paja la Malampaka!
Amekula!
Aliyelipa ni nani? Lori la bluu!
Amekula!

Ubeti wa kwanza watu walicheka. Wa pili wakaitikia. Wa tatu wakaanza kuhama. Kwanza akina mama wachuma pamba, kanga viunoni, halafu vijana, halafu wazee na viti vyao. Vumbi likapanda. Bagika waliongeza ngoma zao, wakatoa hadi yule nyoka wao wa kucheza naye ngomani. Hakuna aliyegeuka. Wapakiaji wa malori ya bluu wakavuka, wakiitikia kuliko wote. Dereva wa Mheshimiwa akavuka akipiga kelele kwamba kichwa cha sato ni kweli, alikila!

Walibaki upande wa jua Mheshimiwa na Constantine, na nyoka.

Mheshimiwa akatazama kulia, akatazama kushoto. Akainuka, akachukua kiti chake mwenyewe, akavuka! Akasema mwanasiasa gani anabaki upande wa watu wawili. Akaomba kipaza sauti. Watu wakampa, tulitaka kusikia. Akasema ni kweli hakuwa bungeni. Malori ni yake. Na kuhusu sato: "Ndugu zangu, nilikula kwa niaba yenu!"

Uwanja ulikufa kwa kicheko. Hata Shangazi alijifuta macho. Lakini yeye hakusahau. Alikwenda mpaka mbele ya kiti, akapiga goti kidogo kwa heshima, akamwambia waziwazi: "Baba, kula kwa niaba yetu tumekusamehe. Kesho panda basi, ukatuulizie barabara kwa mdomo wako." Watu wote wakasema ndiyooo. Ile ya kweli. Mheshimiwa akavua kofia, akasema mayu, nimesikia.

Zikabaki sharubu. Constantine alisema ana mdogo wake Lamadi mwenye sharubu nzuri zaidi, atanyoa kwa niaba. Hakuna kwa niaba! Uwanja mzima ulipiga kelele. Kinyozi alishafika, na beseni. Zilipoanguka tuliona mdomo wa juu ambao mji huu haujawahi kuuona, mwekundu na mwembamba kama wa mtoto. Alionekana yuko peke yake. Nikamvalisha kofia yangu, nikamwita ale nasi. Amekula sahani mbili. Tumehesabu sote.

Ngoma imelala ndani, mahali pake.

Jumamosi, 11 Julai

Mheshimiwa aliondoka Jumatano. Alipopita alishusha katoni ya betri mlangoni kwangu, na kofia, akasema hiyo si ya kunyamazisha mtu, wimbo umeshaimbwa. Hapo alisema kweli. Kupokea kitu baada ya wimbo si rushwa, ni shukrani. Nimemwambia uchaguzi ujao nitampigia ngoma mwenyewe.

Kwa hiyo leo Constantine alipokuja bandani, mdomo mtupu, akasema sasa amemjua Mheshimiwa, alivyovuka akamwacha na nyoka, na kwamba huko Dodoma hatafungua mdomo, damu ilinichemka. Nikasema atauliza barabara kabla ya Nane Nane, kwa mdomo wake. Akasema hatauliza. Nikasema atauliza! Mate yakaruka. Watu wakajaa. Yeye kaweka sharubu zitakazoota. Mimi nimeweka ngoma.

Shangazi amesikia. Safari hii hakuchukua mwiko. Aliingia bandani, akaigeuza redio chini juu mbele ya Constantine na wateja wote, akaanza kukwangua kwa ukucha ile rangi ya kijani niliyoipaka kwenye kitako. Yakatokea maandishi, herufi moja moja, pamoja na picha ndogo ya mtu anayecheka.

Hakuna kizibo. Soda yenyewe sikununua. Redio alinipa Mheshimiwa, kampeni za tisini na tano, nami nikampa kura yangu.